Kwenda Mandu: mji wa magofu wenye mibuyu ya kwetu

Wengi wetu tunaokwenda India tunakwenda kwa mambo mawili, matibabu na masomo. Ukipatikana upenyo wa siku chache, safari ni ya Taj Mahal. Si vibaya. Ila kama uko Mumbai, Pune au Ahmedabad na una siku nne mkononi, mimi nitakusukuma kwingine: Mandu, mji wa kale uliokaa juu ya milima ya Vindhya katika jimbo la Madhya Pradesh, kama kilomita 100 kutoka Indore. Wenyeji wanauita pia Mandav. Ulikuwa makao makuu ya masultani wa Malwa, nao wakaupa jina la Shadiabad, yaani Mji wa Furaha. Leo ni kijiji kidogo kilichotawanyika katikati ya majumba yasiyo na wenyewe.

Mswahili akifika pale anakutana na vitu viwili ambavyo watalii wengine wanavipita tu. Cha kwanza ni maneno: nusu ya majina ya majengo utayaelewa bila kamusi. Cha pili ni miti. Ukikaribia mji, mti mnene utakaouona kando ya barabara ni mbuyu. Nami nasema mbuyu kweli, siyo mti unaofanana nao.

1. Chagua msimu kabla ya tiketi

Mvua za India ya magharibi na kati zinaletwa na upepo uleule wa kusi uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda huko. Zinaanza Juni na kukolea Julai hadi Septemba. Wahindi wenyewe wanaipenda Mandu wakati huo. Majani yanapanda ukutani, mabwawa yanajaa, mawingu yanaingia hadi ndani ya kumbi. Ubaya wake ni kwamba siku nyingine ukungu ni mzito kiasi kwamba unalipa kiingilio ili uone weupe mtupu, na ngazi za mawe zenye kuvu zinateleza kama bamia.

Novemba hadi Februari ni kukavu, mbingu safi, usiku unadai sweta. Aprili na Mei usiende. Joto linapita nyuzi 40, na kwenye magofu hakuna feni.

Mimi naona wakati bora ni mwisho wa Septemba na Oktoba: maji bado yako kwenye mabwawa, njia zimekauka, na kando ya barabara wanauza matopetope mabichi kabisa kutoka mtini. Hapo lakini angalia. Wao wanayaita *sitaphal*, na ndiko lilikotoka neno letu stafeli, ila tunda lilibadilika njiani. Ukiagiza sitaphal utapewa topetope.

2. Karatasi, na jambo moja la gesti

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda wanaweza kuomba viza ya India kwa mtandao. Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in. Nyingine zinazojitokeza juu ukitafuta, zenye bendera na nembo za kuvutia, ni za mawakala wanaoongeza ada yao. Kadi ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya au Uganda, na wa Tanzania naye aibebe, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla hujaingia. Usipokuwa nayo wanaweza kukuweka karantini uwanjani, na hapo hakuna kubembeleza.

Jambo la gesti sasa. Kila mahali panapolaza mgeni wa nje ya India panatakiwa kutuma taarifa zake kwa mamlaka kwa fomu wanayoiita Fomu C. Gesti ndogo ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo, kwa hiyo unaweza kufika saa tatu usiku na begi lako, ukaambiwa vyumba vimejaa huku funguo zimening'inia ukutani nyuma ya karani. Ilinikuta Indore, sehemu niliyokuwa nimeilipia kabisa kwenye simu. Tangu hapo kabla ya kulipa napiga simu na kuuliza swali moja tu: mnapokea mgeni mwenye pasipoti ya nje? Beba nakala mbili tatu za pasipoti na viza, maana kila mlango watazitaka.

Kuhusu pesa, India nzima inalipa kwa simu kama sisi na M-Pesa, lakini mfumo wao, UPI, umefungwa kwenye akaunti za benki za huko, na mpita njia haupati kirahisi. Toa noti Indore, ubaki na za rupia 10, 20, 50 na 100. Mwenye baiskeli na muuza chai hawana chenji ya 500, au wanasema hawana.

3. Njia ya kufika

Kutoka Mumbai kuna ndege za moja kwa moja hadi Indore, kama saa moja na nusu hewani. Kuna pia treni ya usiku, Avantika Express, inayoondoka Mumbai Central jioni na kukufikisha Indore asubuhi. Mimi naipendelea treni. Unaokoa usiku mmoja wa hoteli, na ukichukua daraja la AC la vitanda vitatu unapewa shuka na blanketi. Tiketi zinaisha mapema, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Ukifika Indore usikimbie. Kunywa chai, kula poha na jalebi kama wenyeji, yaani wali uliopondwapondwa na kukaangwa kwa manjano, ukisindikizwa na kitu kitamu cha shira. Unaweza kukodi teksi hadi Mandu, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu, na kama mko watatu au wanne inalipa. Ukiwa peke yako panda bajaji hadi stendi ya Gangwal, chukua basi la Dhar, kisha Dhar ubadilishe la Mandu. Dhar hadi Mandu ni kilomita 35 hivi.

Onyo la saa. Hawahesabu kama sisi. *Chaar baje*, saa nne kwa maneno yao, ni saa kumi yetu. Mtu ukiwa umechoka, ubongo unarudi nyumbani wenyewe. Tuliambiwa basi ni *chaar baje*, mwenzangu akaridhika kabisa kwamba ni la saa nne usiku, akaenda kulala. Andika kwa tarakimu kwenye simu, umwonyeshe kondakta.

4. Ingia kwa macho wazi

Kabla ya kuingia mjini, barabara inavuka korongo refu linaloitwa Kakra Khoh. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu walijenga huku juu. Mlima wa Mandu umetengana na uwanda wa Malwa, umeunganishwa nao kwa ulimi mwembamba wa ardhi tu, na upande wa kusini umeporomoka wima hadi bonde la mto Narmada. Juu ya kingo hizo wakazungusha ukuta wenye urefu unaozidi kilomita 35, wenye malango 12. Barabara ya leo inajipenyeza kwenye baadhi ya malango hayo, moja baada ya jingine, na basi likipita ndani ya tao unasikia abiria wamenyamaza, maana kioo cha pembeni kinapishana na jiwe kwa vidole viwili.

Historia nitakupa fupi, ya kukuwezesha kujua nani alijenga nini. Watawala wa Kihindu wa ukoo wa Paramara walikuwa hapa kwanza. Jeshi la sultani wa Delhi likaiteka Malwa mwaka 1305. Mwaka 1401 gavana wa huku, Dilawar Khan, akajitangazia utawala wake. Mwanawe Hoshang Shah akahamisha makao makuu kutoka Dhar kuja kilimani. Mwaka 1436 Mahmud Khalji akanyakua kiti, akatawala miaka 33, nyingi zikiwa za vita. Mwanawe Ghiyath Shah alikuwa kinyume chake kabisa, na huyo tutarudi kwake. Mwisho wa masultani ni Baz Bahadur, aliyepigwa na majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamughal, mwaka 1561. Wamarathi walipoichukua Malwa karne ya 18, makao makuu yakarudi Dhar, na Mandu ikaachiwa popo.

5. Kosa la kutolifanya

Madereva wa Indore watakuuzia safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kataa. Ukiondoka asubuhi utafika jua limeshachoma, utakimbizwa majengo matano, na utarudi na picha za watu wengine wamesimama mbele ya matao. Lala usiku mmoja, mbili zikiwezekana. Shirika la utalii la jimbo lina hoteli mbili, Malwa Resort iliyo kando ya bwawa na Malwa Retreat karibu zaidi na mjini. Hizo zimezoea wageni wa nje na hazikupi shida ya Fomu C. Wikiendi za mvua zinajaa.

Ndani ya mji kodi baiskeli. Kijiji kimekaa katikati. Majumba ya kifalme yako kaskazini, mwendo wa miguu, na banda la Rupmati liko kusini kabisa, kilomita tano au sita. Njia ni ya lami, ina vilima vya kupanda na kushuka, ng'ombe wana haki ya kwanza. Kabla ya kulipa jaribu breki zote mbili. Nilipewa moja ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa mapambo.

Viingilio vimegawanyika sehemu tatu: majumba ya kifalme, kaburi la Hoshang Shah, na banda la Rupmati. Kila sehemu ina tiketi yake. Mgeni wa nje hulipa rupia 300 pale Mhindi anapolipa 25, na sisi tuko kundi la wageni. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Bei hizo hupandishwa, kwa hiyo beba ziada. Milango inafunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Droni hairuhusiwi.

6. Jioni ya kwanza: kusini, kwa Rupmati

Ukifika mchana, weka begi, subiri joto lipungue, kama saa tisa na nusu panda baiskeli uelekee kusini. Utafika kwanza Rewa Kund, bwawa la ngazi ambalo maji yake yalikuwa yakivutwa kupelekwa kwenye kasri la jirani. Rewa ni jina jingine la mto Narmada. Kasri hilo linaitwa la Baz Bahadur, ingawa maandishi yaliyo juu ya mlango yanaonyesha lilijengwa zaidi ya miaka arobaini kabla yake. Alilipenda tu akalihamia. Simama katikati ya ua, piga makofi mara moja, usikilize kuta.

Kutoka hapo ni mlima hadi banda la Rupmati. Baiskeli utaisukuma. Jengo lenyewe lilianza kama kituo cha walinzi, ndiyo maana sehemu ya chini ni nzito na haina urembo. Vibanda viwili vyenye kuba juu ya paa viliongezwa baadaye. Rupmati alikuwa mwimbaji, kipenzi cha Baz Bahadur, na masimulizi yanasema hakula asubuhi mpaka ameuona mto Narmada, ndiyo sababu ya banda. Jeshi la Adham Khan, jemadari wa Akbar, lilipokuja, Baz Bahadur alikimbia vitani. Rupmati alibaki. Inaelezwa alikunywa sumu kuliko kuchukuliwa na jemadari.

Kaa ukingoni upande wa kusini. Uwanda wa Nimar uko zaidi ya mita 300 chini yako. Siku safi, kwa mbali kabisa, Narmada inaonekana kama uzi wa fedha ulioangushwa kwenye mashamba. Mimi niliuona kwa dakika chache tu, jua lilipokuwa limelala, kisha vumbi likaufunika. Wengine hawauoni kabisa. Walinzi wataanza kupiga filimbi jua likizama, na hapo shuka haraka, maana barabara haina taa na baiskeli yako haina taa pia.

7. Asubuhi: jumba la jahazi

Hii ndiyo asubuhi ya kuamkia mapema. Uwe langoni saa kumi na mbili na nusu yetu, kabla ya mabasi ya shule.

Kwanza soma kibao: *Jahaz Mahal*. *Jahaz* ni jahazi, lilelile letu. *Mahal* ni jumba, na ni neno la Kiarabu lililotupa sisi mahali. Jengo ni refu, zaidi ya mita 100, na jembamba, mita 15 hivi, limekaa kati ya mabwawa mawili, Munj na Kapur. Mabwawa yakijaa, ukisimama mbali kidogo upande wa magharibi, unaona meli ya mawe iliyotia nanga. Yakikauka, jina linakosa maana. Ndiyo maana nilianza na msimu.

Panda ngazi ya nje hadi paa. Juu kuna vibanda, na kuna kitu ambacho wageni wanakiruka wakitafuta mahali pa kupiga picha: mfereji mdogo wa maji uliochongwa sakafuni, haukunyooka, umejiviringisha kama gamba la konokono kabla ya kumwaga kwenye birika. Maji yalipandishwa kutoka bwawani, yakapita humo polepole, takataka zikituama kwenye mikunjo, yakafika birikani yametulia. Tia kidole chako uufuate mfereji mwanzo hadi mwisho. Jiwe limelainika kama sabuni.

Jumba hili linahusishwa na Ghiyath Shah niliyekuahidi. Aliposhika utawala mwaka 1469 alisema ametumika vya kutosha kwenye vita vya baba yake, sasa anastarehe. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba alijaza kasri wanawake 15,000, wenye kazi zao kama mji kamili: walimu, mafundi, wahasibu, na walinzi. Kati ya walinzi hao wanatajwa wanawake 500 wa Kihabeshi waliobeba bunduki. Hesabu za waandishi wa makasri zipunguze unavyoona inafaa, lakini Waafrika walikuwepo, na walikuwa na silaha mkononi. Mwongozaji wangu hakulitaja hilo mpaka nilipouliza, kisha akasema kwa furaha, "Habshi! Haan, haan," akaninyooshea kidole mimi.

Wapishi wa Ghiyath Shah na mwanawe Nasir Shah waliacha pia kitabu cha mapishi chenye picha, ambacho sasa kiko kwenye maktaba ya taifa huko London. Kimo sambusa ndani yake, kwa zaidi ya namna moja. Nilipojua hilo niliacha kuwahurumia masultani. Mwisho wa mzee wenyewe si mtamu lakini, maana inasemekana mwanawe huyohuyo alimpa sumu.

Nyuma ya jahazi kuna *Hindola Mahal*, jumba la bembea. Kuta zake zimelalia ndani kwa mshazari, nene ajabu, na kwa mbali jicho linadhani zinayumba. Tafuta njia ya mteremko upande wa nyuma, inaitwa njia ya tembo. Wanasema sultani alipanda hadi ghorofani bila kushuka mgongoni.

Halafu *Champa Baoli*, kisima kirefu ambacho chini yake kuna vyumba vya ghorofa za ardhini, vimeunganishwa kwa matao. Watu wa kasri walishuka humo wakati wa joto. Nje kukiwa tanuri, mle ndani ni baridi ya mtungi. Beba tochi, na uwe mwangalifu na popo. Hatua chache pembeni kuna hamamu, neno halihitaji tafsiri. Lala chali sakafuni, usione haya, utazame kuba: limetobolewa matundu ya umbo la nyota, na mwanga wa saa mbili asubuhi unashuka kwa fimbo fimbo, vumbi likielea ndani yake. Nilikaa humo nusu saa. Mlinzi alichungulia mara mbili kuona kama nimezimia.

Ukitoka usiache *Gada Shah ki Dukan*. Ndiyo, duka la Gada Shah. Duka lenyewe lina matao makubwa kuliko misikiti mingi. Wanasema aliuza zafarani na miski. Nenda ulione, ujue neno letu lilianzia maisha ya namna gani kabla halijawa kibanda cha vocha.

8. Mchana: katikati ya kijiji

Joto likianza, rudi kijijini ambako kuna majengo matatu yanayotazamana na yenye kivuli. Msikiti wa Ijumaa, *Jama Masjid*, ulikamilika mwaka 1454 wakati wa Mahmud Khalji, na inasemwa mfano wake ulichukuliwa kwenye msikiti mkuu wa Damascus. Ni mkubwa na hauna makuu. Nguzo nyingi, kuba nyingi ndogo, ua wa kupumulia. Kama umewahi kuingia kwenye msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ile safu ya matao yanayofuatana utaitambua mara moja. Vua viatu, funika mabega, na mwanamke awe na mtandio.

Nyuma yake, kaburi la Hoshang Shah, la marumaru nyeupe, linalohesabiwa kuwa la kwanza la namna yake nchini India. Mlangoni kuna maandishi yanayosema kwamba mwaka 1659 mafundi wa Shah Jahan walikuja hapa kutoa heshima zao, mmoja wao akiwa Ustadh Hamid. Taj Mahal ilikuwa imekwisha kujengwa wakati huo, kwa hiyo ile hadithi ya waongozaji kwamba walikuja kunakili kwanza, isikilize kwa sikio moja.

Ng'ambo ya barabara ni *Ashrafi Mahal*, ilianza kama madrasa, ikageuzwa kuwa kaburi la Mahmud Khalji. Pembeni palikuwa na mnara wa ushindi wa ghorofa saba. Umebaki wa chini tu. Wenyeji watakuhadithia kwamba mfalme aliwapa wake zake sarafu ya dhahabu, *ashrafi*, kwa kila ngazi waliyopanda, ili wapungue mwili. Zihesabu ngazi ukipanda mchana, utaona fedha hiyo ilikuwa halali.

Utapigwa picha sana. Familia zitakuja, baba atauliza kwa adabu, "selfi?", na ukikubali ya kwanza foleni itajipanga. Wengi wana nia njema, wamefurahi kuona mgeni. Ukichoka, sema *bas, bhaiya*, basi, kaka. Neno linafanya kazi kotekote. Mwanamke mwite *didi*, dada. Mzee wa kike *amma*.

Chakula cha hapa omba *dal paniya*: mkate wa mahindi uliobanwa kati ya majani na kuokwa kwenye makaa ya mavi makavu ya ng'ombe, unaliwa na dengu na samli ya kumwaga. Ladha yake ina moshi, na ni ugali uliokwenda jando. Sisi tunayaita mahindi kana kwamba yametoka kwao. Wao wanayaita *makka*. Nyama utaikosa sehemu nyingi, usinung'unike.

9. Mwisho, mibuyu

Mibuyu ya Mandu imesambaa kila mahali, mmoja juu ya kaburi, mwingine mbele ya kibanda cha chai, mingine minene kiasi cha watu wengi kushikana mikono. Jina lake pale ni *Khorasani imli*, au *Mandu ki imli*. *Imli* ni ukwaju. Kwa hiyo mbuyu wameuita ukwaju wa Khorasani, nchi ya upande wa Uajemi, wakati haukutoka Khorasani na si ukwaju. Waarabu nao ukwaju, ambao asili yake ni Afrika, waliuita tende ya India. Hakuna aliyeuliza miti yenyewe.

Wanaosimulia wanasema mbegu zililetwa na wafanyabiashara kutoka Afrika zama za masultani. Wataalamu wa chembe za urithi walioilinganisha mibuyu ya India na ya kwetu wameona asili yake ni Afrika, tena iliingia kwa safari zaidi ya moja, na pwani ya Afrika Mashariki ikiwa miongoni mwa makwao. Wakazi wa hapa, wengi wao Wabhil, wanaishi nayo. Wanauza matunda, wanatumia unga wake kwa tumbo, na walipoona miti mikubwa inang'olewa na kupakiwa kwenye malori kwenda kwenye bustani ya mbali, walipinga.

Utawakuta akina mama kando ya barabara wamepanga mabuyu juu ya magunia. Nilimwinamia mmoja, nikachagua lenye manyoya laini ya kijani kama mahameli. Akalichukua, akalipiga kwenye jiwe mara moja tu, kwa pembeni, likapasuka mistari miwili. Ndani uleule unga mkavu wa rangi ya maziwa, nyuzi nyekundu zimeushikilia, mbegu zimejificha. Nikatia moja mdomoni nikaanza kuinyonya, na nikaona ananitazama jinsi ninavyoizungusha ulimini bila kuuliza. Nikajaribu kumweleza kwa mikono: sukari, sufuria, rangi nyekundu, vidole na midomo vinavyobaki vyekundu siku nzima. Akacheka, akamwita jirani yake, nikarudia maonyesho yote tangu mwanzo. Sidhani kama walielewa jambo la rangi.

Nunua mawili. Moja ule huko, maana mbegu na matunda mabichi yanaweza kukuletea maneno na watu wa afya ya mimea ukirudi uwanja wa ndege wa nyumbani. La pili nalo lile huko. Mabasi ya kurudi Dhar yanapungua mchana ukishapita, kwa hiyo ulizia la mwisho tangu asubuhi, kwa tarakimu, na ukae dirisha la kulia. Mimi langu la pili nililimaliza kabla hatujafika Dhar, na kondakta alidai mbegu tatu.